Chef wa Jumamosi

Tulimwita Chef tu. Cheo chake kamili chuoni kilikuwa chef de travaux, ile ngazi ya katikati, juu ya msaidizi na chini ya profesa, na aliishi kwenye ngazi hiyo mpaka nywele zake zikawa nyeupe. Wenzake walipanda, wakavaa majoho, wakapewa ofisi zenye zulia. Yeye alibaki na labo ya kemia, maabara ya ghorofa ya chini inayotazama mikaratusi, na funguo zake alizivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Mtu akimwita profesa, alimsahihisha palepale, hata kama mtu huyo ni mgeni, hata kama wako msibani. "Hapana. Chef de travaux."

Alifariki miezi michache iliyopita. Nimeishi naye kichwani muda mrefu kuliko nilivyofanya naye kazi, na sijui kama naandika ili nimkumbuke au ili anipumzishe.

Alikuwa na desturi moja iliyowasumbua watu wa nyumbani kwake. Kabla ya kuingia chumba chochote, alizima na kuwasha taa mara mbili. Hivyo ndivyo anavyobishiwa hodi mtoto asiyesikia: taa inapepesa, naye anageuza kichwa. Chef aliizoea hodi hiyo labo mpaka akaibeba nyumbani, ambako kila mtu alikuwa na masikio mazima. Umeme ulipokatika, na Lubumbashi haukatiki mara moja, alibonyeza swichi iliyokufa mara mbili vilevile, kisha akasimama mlangoni kidogo, kama anayewapa walio ndani nafasi ya kumwona.

Mke wake aliniambia siku moja jikoni, kwa sauti ya chini, "Anangojea nani, mwanangu? Mule mu chumba hamuna muntu."

Mimi nilijua anamngojea nani.

Labo ile, kila Jumamosi asubuhi, ilikuwa ya watoto. Walikuja viziwi, wasioona, wenye magongo, na wasichana wa mitaa ya Kampemba na Naviundu ambao shuleni kwao sayansi ilikuwa ubao na chaki tu. Kwenye barua za chuo mradi ulikuwa na jina refu la Kifaransa, na profesa mmoja mkubwa alikuwa akiutia sahihi. Sisi tuliuita Jumamosi. Na Jumamosi ilikuwa Chef.

Alinipata langoni mwa chuo. Nilikuwa mwaka wa pili wa kemia, nimesimama na kaka yangu aliyeniletea chakula. Kaka yangu ni kiziwi tangu utoto, na tulikuwa tunagombana kwa mikono kuhusu sahani aliyoivunja. Chef alisimama akatutazama mpaka tukaona haya.

"We mama," akaniambia, "ile mikono yako, samedi iko na kazi?"

"Jumamosi haina kazi, Chef."

"Basi sasa iko nayo."

Kuanzia hapo nilikuwa mkalimani wake. Yeye alisema kwa mdomo, mimi nikasema kwa mikono, na nusu ya watoto wale walimjua kupitia kwangu. Nimelifikiria hilo sana baadaye. Mtu mzima, mwenye akili nyingi na maneno yaliyopimwa, na watoto wale hawakuwa na njia nyingine ya kumfikia isipokuwa viganja vya msichana wa miaka ishirini na mmoja.

Jaribio alilolipenda kuliko yote lilikuwa la mawe ya kijani, ambayo rafiki yake alimletea kutoka machimbo ya upande wa Kinsevere. Alidondosha asidi juu ya jiwe. Asiyesikia aliona povu likipanda. Asiyeona aliinama akasikia jiwe likilia chiii, kama mafuta ya moto yanapopokea kitunguu. Kisha kila mtoto alitumbukiza msumari katika maji yale yaliyogeuka rangi, akautoa umevaa shaba. Wazazi wao na babu zao wengi walikuwa wameuchimba mji huu maisha yao yote, lakini wachache kati ya watoto wale walikuwa wameshika shaba inayozaliwa. Chef hakuendelea na hatua ya pili kabla ya kuuliza, "Nani hajashika?" Kama kulikuwa na mmoja, hata amejificha nyuma kwa aibu, sote tulimsubiri.

Profesa mmoja alimwuliza hadharani kipofu anakuja kuona nini mu labo. Chef alimwalika. Jumamosi ile alimfunga macho kwa mkono wa koti jeupe, akampa chupa na jagi, akamwambia aijaze bila kumwaga. Profesa alijaza viatu vyake. Msichana asiyeona, mdogo, mwenye nywele zilizosukwa vizuri, alimshika kiwiko akamwambia, "Papa, pole pole. Sikia kwanza sauti. Maji ikipanda, sauti inakuwa mwembamba." Akamimina mwenyewe, akaacha kidogo tu chini ya mdomo wa chupa. Profesa yule hakurudi, lakini hakuuliza tena.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za ghafla. Mpiga picha alitumwa siku moja kutoka ofisi kubwa, akamwomba mtoto asiyeona aweke jicho kwenye hadubini na atabasamu. Chef alimshika mtu yule kwa kola, akamtoa mpaka nje penye mikaratusi, kamera ikining'inia. Tulipewa barua ya onyo. Aliibandika mlangoni.

Alikuwa pia mchoyo wa sifa. Miaka miwili sikumsikia akiniambia "vizuri". Alikwenda misa ya asubuhi kila siku, lakini mtoto akianza kusali kabla ya jaribio alimkataza: "Mungu anajua matokeo. Siye njo hatujue. Tuangalie." Na alikuwa na daftari kubwa la jalada gumu ambamo kila kitu kiliandikwa, hasa kilichoharibika. Nilisoma humo siku moja: "Leo mawe hayakutoa povu. Asidi imechoka, sikuipima mapema. Kosa ni langu." Alikuwa na ukali wa ajabu kuhusu hilo. Mwanafunzi aliyesahihisha namba ili ipendeze alifukuzwa labo mwezi mzima. "Matokeo mabaya ni matokeo," alisema. "Ile ya uongo haiko kitu."

Sasa nifike kwa Ngalula.

Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, kiziwi tangu homa ya utotoni, mtoto wa pekee wa mama aliyeuza unga wa mahindi mbele ya parcelle yao, kiwanja cha nyumba yao, kule Naviundu. Shule ya viziwi aliianza amechelewa, na mikono yake ilikuwa na njaa. Aliongea mpaka kwenye basi la kuwarudisha watoto makwao tukamwomba apumzike. Mama yake hakujua lugha ile. Nyumbani walielewana kwa vidole vya kuonyesha na kwa vichwa vya kutikisa, kama nyumba nyingi zenye mtoto kiziwi. Ngalula alizoea. Akija Jumamosi, yote aliyoyaweka wiki nzima aliyamwaga kwetu.

Chef alimpenda kwa sababu alibisha. Siku ya shaba aliuliza: kama shaba imetoka kwenye maji na kupanda juu ya msumari, msumari nao umepoteza nini? Nilipotafsiri, Chef alivua miwani.

"Mwambie," akasema, "ile swali, watu wa mwaka wa kwanza hapa hawajaniulizaka."

Mwishoni mwa mvua kubwa tulianza kazi ya maji. Kila mtoto alete chupa moja ya maji ya kwao: ya bomba, ya kisima, au ya mto. Tungeyapima yote pamoja, tuone nani anakunywa nini. Jumamosi ile ilikuwa ndefu. Mkalimani mwenzangu, aliyekuwa amejiunga nasi mwaka ule, aliugua, nikafanya kazi peke yangu tangu asubuhi, mabega yakiwaka moto, na Jumatatu nilikuwa na mtihani. Chef alieleza jinsi ya kuosha chupa, jinsi ya kuijaza ikiwa chini ya maji, jinsi ya kuandika jina, mahali na saa. Yote hayo niliyasema kwa mikono. Dereva akapiga honi. Watoto wakaanza kusimama. Ndipo Chef, akifunga daftari, akaongeza:

"Na ile ya mto, hapana kwenda peke yako. Bale ba Naviundu, tutaenda nabo siye wenyewe, samedi, wote pamoja."

Mikono yangu ilikuwa imeshuka. Nilijiambia nitawaambia kwenye basi. Kwenye basi nilikaa dirishani nikalala.

Ngalula alikwenda mtoni siku ya Ijumaa, baada ya mvua ya mchana. Wanawake waliokuwa wakifua juu kidogo waliona ukingo unapasuka chini ya miguu yake, wakapiga kelele. Alikuwa amewapa mgongo. Walimpata kesho yake, chini sana.

Chupa haikwenda naye. Ilikutwa juu ya nyasi, imejaa, imefungwa, na karatasi yake ameiandika vizuri: jina, mto Naviundu, saa. Mjomba wake aliileta labo Jumatatu na kuiweka mezani. Chef akavaa koti, akaifungua, akayapima maji yale, akaandika matokeo katika daftari kwenye mstari wa Ngalula, kama ya watoto wengine. Msaidizi mmoja alitoka nje akisema mzee huyu hana moyo. Mimi niliona mkono ulioandika. Zile namba hazikusomeka.

Kwenye matanga tulikwenda wawili. Turubai lilikuwa limefungwa kati ya kuta mbili, wanawake wamekaa chini, wanaume kwenye viti vya plastiki. Chef hakukaa. Alisimama katikati, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele.

"Mimi njo nilimutuma," akasema. "Maji ile, miye njo niliiomba. Nilisema basiende peke yabo, lakini nilisema mwisho, na sauti ya chini, batoto banasimama. Maneno ya vile inasemwaka ya kwanza. Kosa ni yangu."

Wajomba waliinuka. Mmoja alimshika shati. Mama Ngalula, kutoka chini alipokaa, akasema neno moja tu, "Mumuache," nao wakamwacha.

Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili. Nilisikia kila neno. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba sauti yake ya chini haikuwa na kosa lolote, kwa kuwa Ngalula hakuhitaji sauti. Alihitaji mikono yangu. Nilifungua mdomo, nikaufunga.

Chuo kiliifunga Jumamosi kwa barua ya mistari mitatu.

Baada ya siku arobaini, Mama Ngalula alikuja labo kwa miguu. Chef alidhani amekuja kumlaani. Alimpa kiti, naye akakataa.

"Papa Professeur," akasema.

"Chef de travaux, mama."

"Mutoto wangu alikuwa anaongea na mikono pa nyumba kutwa nzima. Nilikuwa naona sawa michezo. Sasa inanirudilia usiku, ile mikono. Naiona yote. Sijue alikuwa anasema nini. Unifundishe."

Hivyo ndivyo Chef alivyoanza kwenda Naviundu kila Jumapili baada ya misa, kumfundisha mwanamke lugha ya mtoto aliyekwisha kufa. Yeye mwenyewe aliijua vibaya, alikuwa na vidole vigumu vya mzee. Kwa hiyo Alhamisi alikuja kwangu nimfundishe, na Jumapili akaipeleka. Na alirudi na kazi nyingine. Mama yule alikumbuka ishara moja moja na kumwonyesha, naye alizichora katika kijitabu kama vijitu vidogo vyenye mikono mikubwa. Alinifungulia: "Hii inasema nini?"

Nilimtafsiria maneno ya marehemu. Nina njaa. Mvua inakuja. Mwalimu wetu ana pua ndefu. Umechoka, mama, lala. Lile la mwisho lilipofika Naviundu, Chef aliniambia, mama yule alikaa chini kwenye unga.

Kisha ikaja Alhamisi moja. Alifungua kijitabu, akanionyesha kijitu kimesimama mlangoni: vidole viwili vya shahada vimelala ubavu kwa ubavu, vinasogea mbele, na nyusi zimepanda.

"Hii njo ya mwisho kabisa," akasema. "Ijumaa ile. Mutoto amesimama pa mulango, chupa iko chini ya kwapa. Mama iko napima unga, mikono imejaa. Akamwona anafanya hii. Akamwitikia na kichwa, sawa vile, eh, enda. Mama akafikiri mutoto anaaga. Inasema nini?"

Ni ishara ambayo mtoto kiziwi anaijua kabla hajajua jina lake. *Twende pamoja?* Ngalula hakutaka kwenda peke yake. Hakuna aliyemkataza, mimi sikumkataza, lakini alikuwa na akili yake mwenyewe, akamwomba mama yake amsindikize, na mama yake akaitikia kwa kichwa, kama kusema nenda, na kurudi kwenye unga.

"Sijui, Chef," nikasema. "Labda ni alama yao ya nyumbani."

Alinitazama, akakifunga kijitabu. Hakuniuliza tena siku hiyo wala siku nyingine.

Nilimaliza masomo. Nikaolewa, nikawa mwalimu wa sekondari Kampemba. Chef alistaafu akahamia mtaa wa pili kutoka kwangu, na tuliamkiana kanisani. Naviundu aliendelea kwenda. Mama yule alikuwa ameshaijua lugha vizuri kumpita yeye. Sasa walikaa tu, wakazungumza kwa mikono juu ya bei ya mahindi.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, msichana mmoja alinijia shuleni. Ni assistante mpya wa kemia, na alikuwa amelikuta lile daftari kubwa kwenye kabati akalisoma lote. Alitaka kuifufua Jumamosi. Alitaka niwasimamie wakalimani wake. Nilimwambia anipe wiki moja. Jumapili ile nilimfuata Chef nyumbani kabla hajatoka kwenda Naviundu.

Alikuwa barazani, amevaa shati la misa, mwembamba, jicho moja limeingia ukungu. Sikukaa.

"Chef, niko na neno mbili. Ya kwanza: ile ya mto, hapana kwenda peke yako. Sikuisema. Mikono ilikuwa imechoka. Nilisema nitasema mu basi, nikalala. Bale batoto basiosikia, hata moja hakuipata. Haikuwa sauti yako."

Nilimwona anairudia Jumamosi ile yote kichwani, anainua kosa lake alilolibeba miaka yote, anaona kwamba sehemu yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Na ya pili?"

"Ile alama. Nilikudanganya. Niliijua."

"Ile, nilijua unajua." Alicheka bila furaha. "Hata miye niliijua. Ile njo ya kwanza ulinifundishaka, mama. Nilikuletea nikiomba Mungu useme kitu ingine."

Nikakaa sasa.

"Yeye mama, ulimwambia nini?"

Chef alitazama mikono yake. Mtu huyu aliyemfukuza mwanafunzi kwa namba moja.

"Nilimwambia inasema: kwaheri mama, nitarudi. Alifurahi. Akaishika. Kila dimanche nikitoka pale, anasimama pa mulango, ananiaga nayo. Vidole bibili. Tuende pamoja. Na miye naenda. Miaka yote hii, mutoto wangu. Ananiambia tuende pamoja, na miye naenda."

Aliinuka, akashika fimbo yake.

"Kuya, tuende kwake. Kabla woga haijarudi."

Tulikodi pikipiki mbili. Mama Ngalula alikuwa mbele ya parcelle, nyuma ya meza ile ile ya kazi yake, amezeeka kwa upande wa mgongo tu. Alimpa Chef kiti. Chef akabaki amesimama kwenye vumbi, kama siku ile chini ya turubai, akasema kwa mdomo, si kwa mikono:

"Mama, nilikuambiaka uongo. Ile alama ya mwisho haisemi nitarudi. Inasema tuende pamoja. Alikuwa anakuomba umusindikize."

Mama yule hakutikisika. Alifunika unga wake kwa kitambaa kwanza.

"Ninajua, Papa."

"Unajua?"

"Miaka mingi. Nilipitaka pa masomo yabo, pa shule ya viziwi, saa ya récréation, ya kupumzika. Nikaona batoto babili banafanya ile, na banaenda pamoja ku robinet ya maji. Nililia pale pale pa barabara."

"Na haukuniambia?"

"Ningekuambia namna gani? Nilikuwa nakuonaka pale pa kona, unakuya, sawa muntu anabeba sac ya ciment. Nikasema, nikimwambia, hatakuya tena. Nani mwingine ataongea na miye juu ya mutoto wangu?"

Chef alishika kona ya meza. Sijawahi kumwona mtu anavuliwa mzigo na kuumia kiasi kile.

Ikabaki zamu yangu. Nilimwambia mama yule yote: mabega, honi, dirisha la basi, usingizi. Hakunikatiza. Mwanamke mmoja alikuja na mfuko, akataka vipimo viwili; alimpimia, akamwongezea kidogo juu kama kawaida, akamfungia. Mteja alipoondoka alinigeukia, na nilijua kwamba hataniambia amenisamehe, na kwamba sikuwa na haki ya kumwomba.

"Miaka mbili uliongeaka na mutoto wangu," akasema. "Miye nilimuzaa, na sikuongeaka naye hata siku moja. Kaa. Unielezee alikuwa anasema nini."

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimweleza nilichokumbuka, na nilikumbuka zaidi ya nilivyodhani. Swali lake la msumari. Jinsi alivyomwigiza dereva wetu akitafuta funguo. Kwamba alitaka kuwa mtu wa kupima maji ya mji mzima. Kwamba aliogopa mbuzi. Mama alicheka kwa hilo la mbuzi, akajifunika mdomo.

"Na miye?" akauliza. "Alikuwa ananiita namna gani? Mama tu?"

"Hapana. Ulikuwa na jina."

Nikamweleza kwamba viziwi hawamwiti mtu kwa herufi. Humtazama, humchukulia kitu kimoja kilicho chake, na hicho ndicho jina lake la mkono. Nikainua mkono wangu, nikapitisha nyuma ya kiganja juu ya paji la uso, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayesogeza kitambaa cha kichwani kwa sababu vidole vimejaa unga.

Mama Ngalula aliutazama mkono wake mwenyewe. Aliuinua taratibu, akapitisha pale pale. Mstari mweupe ukabaki juu ya nyusi.

"Hiyo sikuijua," Chef akasema. "Rudilia."

Nikarudia. Akajaribu, akakosea, akaanzia upande wa kulia. Nikamshika kifundo cha mkono nikamwelekeza. Akajaribu tena peke yake, polepole, akimtazama mama yule usoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akamwita kwa jina alilopewa na mtoto wake.

Naye akaitika.